Mota ya Msumeno wa Baba Yako

Istaravshan, Tajikistan, 11 Februari 2009

Mwanangu Ilhomjon,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tyumen, Urusi, kile kikohozi cha Desemba kimekwisha, na soksi za sufi nilizokufumia unazivaa wewe na si mwenzio wa chumbani. Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanatabiri theluji vizuri kuliko redio. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu iliyo karibu ni ya baba yako mdogo Tursunboy, na kila nikiongea nawe anakuwa na kazi ya kufanya hapo hapo mlangoni. Dereva wa basi dogo la Alhamisi atakufikishia.

Sasa habari yenyewe, nayo si nzuri. Mota ya msumeno wa marehemu baba yako imeungua.

Unaujua umeme wetu wa majira ya baridi, unakuja kidogo asubuhi na kidogo jioni. Juzi baba yako mdogo aliomba apasue kuni zake kwenye meza yetu ya msumeno. Akiwa katikati ya gogo, umeme ukakatika. Mtu mwenye akili timamu angezima swichi na kulichomoa gogo. Yeye aliacha swichi imewashwa, ati msumeno ukinguruma atajua umeme umerudi, kama tunavyoacha taa zote za nyumba zimewashwa. Akaenda zake kunywa chai. Umeme ulirudi ule dhaifu wa jioni, msumeno umekabwa na gogo, hauwezi kuzunguka, na mota ikahangaika peke yake humo ndani hadi ikatoa moshi. Niliporudi kutoka kwa jirani nilikuta uani kunanuka kama mtu amechoma viatu.

Nilipomwita alisema, "Shemeji, mashine ilishazeeka tu." Nikamwambia, "Na wewe umezeeka, mbona hatujakuacha uungue?" Akanuna. Halafu, kununa hakujaisha vizuri, akasema basi chumba kile cha msumeno sasa hakina kazi, kingefaa kulaza gari la mwanawe.

Nimemwambia hapana, na nakwambia wewe pia. Tangu ulipoondoka mimi ndiye ninayepasua mbao za vitanda vya kubembea vya watoto wachanga, kama nilivyopasua mwaka ule baba yako alipolala kitandani kwa ugonjwa. Hao watoto wa mtaa huu wanaolala vizuri, wamelazwa na mikono hii. Uliahidi utarudi majira ya kuanika aprikoti. Ukikuta msumeno unazunguka, una kazi. Ukikuta gari la binamu yako, utarudi Tyumen kesho yake. Na mimi bila mota hiyo ni mjane wa kulishwa na shemeji, jambo ambalo sitaki kulionja. Nitaipeleka ikasukwe upya.

Kula vizuri.

Mama yako


Tyumen, 6 Machi 2009

Mama yangu mpendwa,

Wa alaykum salaam. Barua imefika pamoja na aprikoti kavu, nashukuru. Mimi mzima, kikohozi kimepungua. Kazi ipo, tunapiga plasta ndani ya majengo kwa hiyo baridi siyo kali sana. Je, magoti yako unayakanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo kama nilivyokuambia? Wasalimu majirani wote.

Kuhusu mota, Mama, nakuomba tuliache. Mashine ile ni ya enzi ambazo hata nchi yake haipo tena. Wauzie wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mkokoteni. Chumba mpe Baba Mdogo, amezungumza nami kwa simu na kwa heshima, na kuungua kwa mota kumemsikitisha sana. Una miaka hamsini na saba. Wanawake wa rika lako wanakaa, wanakunywa chai, wanachagulia watu wachumba. Mimi nipo, nitakutumia kila kitu.

Sikutaka kukuambia hili. Humu chumbani tunalala watu wanane, watano ni wa mji wetu. Kila wakirudi likizo wanakuja na hadithi: "Ilhom, mama yako anapasua mbao kwa mashine huku amefunga kilemba." Wanacheka. Mimi nacheka nao, nitafanyaje. Nihurumie, Mama.

Mwanao


Istaravshan, 29 Machi 2009

Mwanangu,

Salamu nyingi, na Navruzi njema, mwaka wetu mpya, japo imepita. Nilikuwekea bakuli la sumalak, ule uji wa ngano iliyochipua, likakaa siku nne, nikalila mwenyewe. Afya nzuri. Mafuta ya kondoo nakanda, yananuka kuliko yanavyoponya.

Wakikucheka hao watano, waulize walilala wapi walipokuwa wachanga. Watatu kati yao nawajua, vitanda vyao alitengeneza baba yako, na mmoja wao alikuwa akikojoa kwa wingi wa kushangaza. Mwambie mimi Karomat namsalimu.

Mota nimeipeleka. Nimesaidiwa na Zulaykho wa nyumba ya pili, yule mumewe alimwacha kwa simu akiwa Moscow, talaka tatu katika ujumbe mmoja. Tuliipakia kwenye mkokoteni wa kubebea samadi. Sokoni mzee mmoja akaniuliza, "Bi Karomat, mnampeleka nani hospitali?" Nikamwambia, "Mota. Tukirudi nafasi itakuwepo, wewe panda." Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Fundi Vohid, msukaji wa mota, unamjua kwa jina na sifa. Watu humpelekea mota ya waya wa shaba, wakairudisha nyumbani ikiwa na waya wa alumini, na mwaka haupiti imeungua tena. Basi nilichukua kigoda na ufumaji wangu nikakaa mlangoni pake.

"Mama, nenda nyumbani, nitakuita ikiwa tayari," akasema.

"Sina haraka, mwanangu. Nyumbani kwangu hakuna mota."

"Utapata baridi hapo."

"Nafuma sweta."

Nilikaa hapo mpaka akazikata zile nyaya za zamani zilizoungua, akasuka mpya kwa shaba tupu mbele ya macho yangu, akaitia vanishi na kuikausha juu ya jiko. Beringi nazo akabadilisha. Mwisho alikuwa ananikaribisha chai, na sweta limemtosha yeye vizuri, basi nikampa.

Sasa nina tatizo moja. Tumeifunga, tumevuta mkanda, nikawasha, na msumeno unazunguka kinyume. Meno ya upande wangu yanayopaswa kushuka kuelekea mezani yanapanda. Nilisogeza kipande cha mti, kikanyakuliwa mkononi kikagonga ukuta wa mbele. Najua mota hii ilizaliwa kwa umeme wa kiwandani, wa nyaya tatu, na umeme wetu wa nyumbani huipa nyaya mbili tu, ndiyo maana baba yako aliiongezea lile kopo la kapasita liisaidie kuanza kuzunguka. Najua pia kuna waya mmoja aliohamisha ilipowahi kufanya hivyo. Mimi nilikuwa jikoni, wewe ulikuwa umemshikia taa. Ni waya gani, Ilhom?

Nijibu upesi. Msimu wa harusi umekaribia na mabibi wameanza kuulizia vitanda vya wajukuu.

Mama yako


Istaravshan, 17 Mei 2009

Mwanangu Ilhomjon,

Assalaam alaykum. Wewe ni mzima? Basi dogo limekuja na kurudi mara nyingi, na kila mara dereva ananionyesha viganja vitupu. Kama unaumwa, sema. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Huku mvua imenyesha vizuri, na aprikoti mwaka huu matawi yanainama.

Waya nimeupata bila wewe. Nilimpigia kelele Zulaykho asiguse kitu, nikachomoa plagi, halafu nikagusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya kapasita ili iteme umeme wake wote. Nilikumbuka baba yako hakuwahi kuisahau hatua hiyo, isipokuwa siku moja tu, na siku hiyo hakuweza kushika kijiko. Ikalia paa, Zulaykho akaruka mpaka uani akisoma shahada. Kisha nikauchukua waya wa kapasita ulioshikana na upande mmoja wa umeme nikauhamishia upande wa pili. Nikafunga, nikasimama kando, nikawasha kwa ncha ya ufagio.

Ukazunguka sawasawa. Ilhom, nililia. Nilipasua ubao wa kwanza wa mwerebi, ule mti wa kando ya maji, nikiwa natokwa na machozi, jambo ambalo kwa mtu anayeshika msumeno si salama, lakini ndivyo ilivyokuwa. Harufu ya ule mti mbichi ilikuwa harufu ya nyumba yangu.

Baba yako mdogo alisikia mngurumo akaja na kandambili miguuni.

"Shemeji, nilidhani tumekubaliana."

"Nani na nani?"

"Mimi na Ilhom."

"Basi mkapasulie mbao zenu huko mlikokubaliana."

Akaniambia mwenye nyumba ni wewe, mtoto wa mwisho, ambaye kwa mila zetu ndiye mrithi, jina lako ndilo liko kwenye hati, na yeye anasubiri neno lako tu. Nami nalisubiri. Wewe ulimshikia baba yako taa. Mwambie Tursunboy hapana, neno moja, yaishe.

Zulaykho ameanza kujifunza. Ana mkono thabiti kuliko wako, usikasirike.

Mama yako


Tyumen, 25 Mei 2009

Mama mpendwa,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ya Machi ninayo, nyingine sijaipata. Mimi mzima. Natumai nawe mzima na magoti yametulia sasa jua limetoka.

Nimeshindwa kuandika kwa sababu nilikuwa na la kusema na sikujua nianzie wapi. Nimehama kile chumba cha watu wanane. Naishi na Larisa. Ni mpishi wa kantini pale tunapojenga, mtu mwema, hana wazazi. Tumefunga ndoa, mullah wa hapa ametusomea. Mtoto anatarajiwa Agosti.

Kwa hiyo sitarudi majira ya aprikoti, Mama. Sijui nitarudi lini. Na kwa kuwa sirudi, karakana haina maana. Funga, ufunguo mpe Baba Mdogo. Watu wasiseme Ilhom kaoa ugenini huku mama yake anapasua mbao kama mwanamume. Moja wanaweza kulisamehe, yote mawili hapana. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hiyo na hili ndilo neno langu.

Usinikasirikie.

Mwanao

Nimesahau: waya ni ule wa kapasita, ulio upande wa kushoto, uhamishie kulia. Itemeshe umeme kwanza kwa bisibisi. Lakini usiuguse.


Istaravshan, 19 Juni 2009

Ilhomjon,

Wa alaykum salaam. Hongera ya ndoa. Mungu awape masikilizano, na Larisa ajifungue salama. Mwambie anywe mchuzi wa miguu ya kondoo na asinyanyue masufuria makubwa. Nimelia kidogo kwa kuwa sikuwepo, kisha nimepika palav, pilau yetu, na kuwalisha majirani kwa jina lenu, ili asitokee wa kusema mwanangu alioa kimyakimya. Larisa sina neno naye. Neno ninalo na wewe.

Mwanamume wa nyumba hukaa ndani ya nyumba. Paa lilipovuja Machi, aliyepanda ni mimi. Wewe unaniamuru kutoka mbali kote huko niifunge riziki yangu ili watu watano walale wakiwa hawana la kucheka. Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu, hilo hata watoto wanalijua.

Nilidhani nautunza msumeno kwa ajili yako. Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijipekua moyo, na nimekuta si kweli. Naupenda. Napenda ubao unapoingia mmoja na kutoka miwili. Napenda mabibi wanapokuja kujadiliana rangi. Kama unarudi, karibu, utanikuta. Kama hurudi, utanikuta vilevile.

Ufunguo sitoi.

Mama yako

Waya ulikuwa huohuo. Ahsante kwa kunikataza vizuri.


Istaravshan, 2 Agosti 2009

Mwanangu,

Salamu. Larisa anaendeleaje? Miguu yake imevimba? Ailaze juu ya mto.

Umekaa kimya kwangu, ila kwa baba yako mdogo umeongea. Alikuja na kufuli jipya, akanionyesha simu yake, akasema, "Sauti ya Ilhom iko humu, shemeji, ukitaka nikusikilizishe." Nikamwambia nilikusikia ukilia siku uliyozaliwa, inatosha. Akafunga kufuli mlangoni, akaenda na ufunguo.

Mimi na Zulaykho tulikunywa chai kwanza. Halafu tukaung'oa mlango kwenye bawaba zake. Kufuli la baba yako mdogo sikuligusa, ni mali ya mtu. Bado limefunga vizuri kabisa, limefunga mlango ulioegemezwa ukutani uani, na kuku wanapata kivuli nyuma yake. Karakana haina mlango sasa, na kwa joto hili ni nafuu. Mngurumo unafika mpaka msikitini, isipokuwa wakati wa sala, hapo tunazima.

Amekwenda kushtaki kwa wazee wa mtaa. Wazee wameniita, nikaenda na kilemba changu kizuri. Mzee wao akasema hawana ugomvi na kazi yangu, mjukuu wake mwenyewe analala kwenye kitanda changu, lakini nyumba ina jina la mtu na mtu huyo yuko hai. Ukiwaandikia kwa mkono wako nifungiwe, watanifungia, mlango uwepo au usiwepo. Ukiwaandikia niachwe, Tursunboy atanyamaza. Wamekupa hadi theluji ya kwanza.

Basi ni wewe, Ilhom. Mimi sikubembelezi. Nimekueleza tu mambo yalivyo.

Mama yako


Tyumen, 6 Septemba 2009

Mama,

Assalaam alaykum. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Tumemwita Sofiya. Larisa ni mzima ila amechoka mno. Mtoto halali. Tumemlaza kwenye droo ya kabati, tumeitandika blanketi, lakini ukimweka tu anarusha mikono, anajishtua mwenyewe, analia. Mwenye nyumba anagonga ukuta. Kwenye mila zetu mama wa mke ndiye angeleta kitanda cha kubembea, lakini Larisa hana mama, na hajui hata kama kuna kitu kama hicho. Sikumwambia.

Habari za mlango nimezipata kutoka kwa watu wanne. Humu mjini kila Mtajiki anazijua. Mama, nimechoka kuwa hadithi. Usipofunga mwenyewe nitawaandikia wazee. Karatasi nimeshanunua. Nangojea tu nipate usingizi niandike bila hasira.

Usitutumie chochote. Tutamudu.

Mwanao


Istaravshan, 4 Oktoba 2009

Mwanangu Ilhomjon, na binti yangu Larisa, na mgeni wetu Sofiya,

Amani iwe kwenu nyote watatu. Mimi ni mzima, Zulaykho ni mzima, msumeno ni mzima. Natumai maziwa ya Larisa yanatosha na wewe umelala angalau mara moja.

Dereva atakupa gunia refu. Usilitupe chini, kuna rangi. Ndani kuna kitanda cha kubembea cha mti wa mwerebi, nimekifungua vipande ili kiingie kwenye basi. Mila zinasema huletwa na mama wa mke. Nilimuuliza mzee wa mtaa, mama wa mke akiwa hayupo inakuwaje, akawaza akasema hajui. Nikamwambia, kumbe hakuna anayejua, basi najua mimi. Larisa hana mama huko, sasa anaye huku.

Upasuaji wote nimeufanya kwa mkono wangu. Zulaykho kanishikia upande wa pili, hakuna mwanamume aliyegusa. Matao mawili yanasimama kichwani na miguuni, ule mti mrefu unapita juu, utaona matundu yake, usipige msumari hata mmoja. Chini kuna tundu la kuwekea kikombe cha kupokea mkojo, na kile kibomba cha mti cha kuupitishia nimechonga cha msichana, usimruhusu mtu akubadilishie. Zile kanda mbili pana ndizo za kumfungia mikono na miguu, kwa upole, zisimbane kifuani. Hapo hatajishtua tena. Mfundishe Larisa, na mwambie asiogope, wewe mwenyewe ulifungwa hivyo hivyo na ukakua mpaka ukapata nguvu ya kuniamuru. Kisibembezwe kikiwa kitupu, ni nuksi.

Tandaza shuka juu ya ule mti mrefu, giza liwe jepesi, umbembeze kwa mguu huku mikono yako ikipumzika. Atalala. Wote wanalala.

Huku asubuhi kuna barafu kwenye ndoo, theluji haiko mbali, na wazee wanangojea karatasi yako. Sitakuomba uandike hivi wala vile, wewe ni mtu mzima na una mtoto. Ila kama bado unataka msumeno wangu unyamaze, mtoe kwanza Sofiya kitandani, umrudishe kwenye droo, halafu ndiyo ukae uwaandikie.

Mama yako